Baba alipoambiwa uvimbe wa pafu lake unakua mbio

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalitukuta nyumbani kwetu Kakese, Mpanda, miaka ya tisini. Sijatia chumvi.

Mzee wangu alikuwa mkulima wa tumbaku, na mvutaji pia. Akaanza kukohoa. Akapewa dawa za TB, akamaliza dozi, kikohozi kikabaki palepale. Alipoanza kutema damu nikampeleka Dar kwa treni.

Hospitali wakamtoa kinyama kidogo kwenye pafu. Majibu: kansa.

Daktari wetu, mama mmoja mpole, alikuwa pia mtafiti. Akaomba ruhusa kile kinyama kipimwe zaidi maabara ya nje. Mzee akakubali.

Majibu yakachelewa sana. Mzee akazidi kukonda.

Siku daktari alipotuita ofisini alieleza taratibu. Seli kabla ya kugawanyika lazima inakili DNA yake, na kuna protini zinazofanya hiyo kazi. Zikionekana kwenye seli nyingi za uvimbe, mara nyingi uvimbe huo unakua mbio.

(Mimi DNA nilikuwa nimeisikia shuleni tu, tena nikiwa nasinzia.)

"Kwangu zimeonekana?" mzee akauliza.

"Nyingi, baba. Ila kipimo hiki bado tunakichunguza, kisikukatishe tamaa peke yake. Tatizo ni kwamba hata picha ya kifua inasema hivyohivyo."

"Nikibaki hapa nitapona?"

Daktari akajibu, "Tutakupunguzia maumivu. Kupona, sitakudanganya."

Mzee akamshukuru, akasema anarudi kwake.

Nilikasirika mno. Kwenye korido nikamwambia, "Baba, si kasema kipimo hakina uhakika?"

"Amenipa ukweli wote alionao. Wewe unataka nini kingine?"

Tukarudi Mpanda kwa treni.

Mama hakunielewa. "Umemrudisha baba yako aje kufa?"

Mzee aliwaita wadogo zangu akawaambia mwenyewe. Jioni alikuwa anakaa nje na mama, wanaongea Kikonongo kwa sauti ya chini. Hawakuwahi kuongea hivyo kabla.

Mvua hazijaisha, akafariki.

Baada ya matanga mama akaniita jikoni. "Alishuka kwenye treni kwa miguu yake. Ungeniletea sanduku, nisingekusamehe."

Nilichojifunza: kikohozi kisichosikia dawa kisisubiri. Na mgonjwa akiuliza ukweli, ni wake, apewe.

Nyie wakuu mngembakiza Dar? Semeni bila kuniogopa.