Kidole changu kwenye andiko la Baba Asha

Marehemu mume wangu amepongezwa leo.

Simu yake ilileta ujumbe: "Hongera! Andiko lako limeingizwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya kituo cha utafiti. Je, ni lako?"

Nikampigia dada wa maktaba hiyo, kazini kwake marehemu.

"Pole, mama. Mfumo huyavuta maandiko wenyewe kutoka majarida ya nje. Ila wapo wawili wenye jina hilo. Andiko lisipothibitishwa, linaondolewa."

Nikalifungua andiko; Kiingereza chake kilinishinda. Nikashuka mpaka kwenye picha: jani la mkorosho lenye ugonjwa, limeshikwa na kidole chenye kovu la kuunguzwa na mafuta ya maganda ya korosho.

Kidole changu! Shambani kwetu Likombe.

Siku ile alipopiga picha alinigombeza: "Tulia, Mama Asha, unanitikisia ugonjwa wangu."

Nikabonyeza "Ndiyo" kwa kidole hichohicho.

Niambieni, nimekosea kumjibia?