Kuvua na Mama Mkwe

Kwetu milimani, mwanamume akimwona mama mkwe wake anakuja njiani, huacha njia. Hupita kwenye majani hata kama yana umande wa kufika magotini, na akiitwa hujibu akiwa ameangalia pembeni. Hali naye chakula, hakai naye mkeka mmoja, hamshiki hata mkono. Si chuki, ni heshima, na kule inawezekana kwa sababu milima ni mikubwa. Aliyeanzisha desturi hiyo hakuwahi kupanga nyumba Buffalo.

Sisi tunakaa North Buffalo, nyumba ya chini, vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo kimoja. Mama mkwe alipokuja kuishi nasi, nilitazama huku na huku nikaona hakuna majani ya kupitia. Akiingia sebuleni, mimi natoka. Akienda jikoni, mimi narudi sebuleni. Akitaka choo, mimi nakumbuka kitu nilichosahau nje. Chakula nikawa nakula ndani ya gari, nimevaa koti la kazini, injini inanguruma ili nipate joto. Jirani yetu, bibi mmoja wa Kizungu mwenye mbwa, aligonga kioo siku moja akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna amani. Nikamwambia kuna amani tele, ndiyo maana niko nje.

Mama mkwe alikuwa bado anatafuta mahali pa kuzeekea. Alipofika Marekani alianzia kwa mwanawe wa kiume, Louisville, mtaa wa Beechmont, akakaa naye miaka. Kisha binti yake mkubwa akamchukua Columbus, lakini kule nyumba iko juu, ngazi zilimmaliza magoti, na wajukuu walimjibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Sasa ilikuwa zamu ya mke wangu, kitinda mimba, ambaye vita vilimtenga na mama yake akiwa msichana. Tangu tuoane alikuwa na ombi moja kwa Mungu, kwamba siku moja aamke amkute mama yake jikoni. Akajibiwa. Kwa majuma machache nilisikia wanawake wawili wakicheka kwenye jiko langu tangu alfajiri, nami nikiwa garini na sahani yangu, nikafurahi kweli.

Halafu Jumapili moja, tukiwa tumetoka kanisani, mama mkwe akatangaza kwamba anarudi Louisville. Alikuwa ameshampigia mwanawe, naye angekuja kumchukua Jumapili inayofuata. Alipoulizwa sababu alisema Buffalo kuna baridi, utadhani alikuwa ameahidiwa joto. Mke wangu hakubishana naye. Alianza kujifungia bafuni na kufungulia bomba, akidhani maji yanaficha kilio.

Ijumaa akaniita pembeni. Kesho yake yeye angekuwa kazini, kule anakotunza wazee wa watu wengine.

"Umupeleke mama ku samaki," akaniambia kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. "Anasemaka samaki ya huku iko na macho ya mulevi. Aone samaki yenye iko na damu. Labda atabakia."

"Mimi na yeye? Peke yetu?"

"Donc unataka nani aende? Pasta?"

Msomaji aelewe uzito wa jambo hili. Mama mkwe ni mtu wa ziwa, wa Uvira. Maisha yake yote aliuza samaki ufukoni, ndagala na mikeke, na anaweza kugombana na samaki aliyekufa kuhusu siku aliyokufa. Mimi ni mtoto wa wafugaji. Bibi yangu akisikia harufu ya samaki alihamisha vibuyu vya maziwa. Siku ya posa, mama mkwe aliuliza kwenye simu, nami nikisikia, kama huyu mtu wa ng'ombe anajua kutoa mwiba. Sikuwa najua. Na sasa nilikuwa nimekabidhiwa kuokoa nyumba yangu kwa ndoana.

Bahati nzuri, Marekani hata uvuvi wana njia ya kuurahisisha. Mwenzangu wa bohari alinieleza kwamba kusini ya mji kuna kijito kinachoingia Ziwa Erie, na serikali hupandikiza humo vifaranga vya samaki aina ya stilihedi, ndugu wa trauti. Wanazaliwa kwenye matangi, wanalishwa kwa ratiba, wanamwagwa kijitoni, wanakwenda ziwani kunenepa, kisha wakikua wanarudi kwenye kijito kile kile wakidhani ndiko kwao. Mchungaji wetu angepata mahubiri mazima hapo. Mimi nilichosikia ni kwamba samaki wanakuja wenyewe, nikakata leseni mbili.

Asubuhi ya Jumamosi tukaondoka. Mama mkwe alikaa kiti cha nyuma kama waziri, amejifunga kitenge juu ya suruali ya mkwewe mwingine wa Columbus, beseni la plastiki mapajani. Mimi nilikuwa nimeinamisha kioo cha ndani ili nisimwone. Tulikwenda njia nzima tukisikiliza kwaya, na hakuna aliyesema neno isipokuwa GPS.

Kijito chenyewe ng'ombe angekivuka bila kulowa tumbo. Lakini watu! Walikuwa wamejipanga kingo zote mbili, bega kwa bega, wamevaa suruali za mpira za kufika kifuani, kofia, miwani, mifuko midogo juu ya mifuko midogo. Niliwahi kupanga foleni ya maji kwenye kambi ya wakimbizi, nayo ilikuwa na nafasi zaidi. Huko angalau tulikuwa na kiu.

Tukapata upenyo. Nikamtengenezea mama mkwe fimbo na chambo, furushi dogo la mayai ya samaki ndani ya wavu wa rangi ya waridi, nikaweka vyote juu ya jiwe ili tusigusane mikono. Kisha nikasogea kando, nikasimama mbali naye kiasi cha heshima, kama upana wa mlango.

Hapo ndipo kosa lilipoanza. Pale kijitoni, nafasi ya upana wa mlango ni utajiri. Mzungu mmoja mwenye ndevu nyekundu aliiona kutoka mbali, akaja akauliza kama kuna mtu anavua hapo katikati. Kwa Kiingereza changu nikajaribu kumweleza kwamba nafasi ile haivuliwi, ni kwa ajili ya yule mama, ni mama wa mke wangu. Akamtazama mama mkwe. Akanitazama mimi. Uso wake ukajaa huruma nisiyoielewa, akanipigapiga begani.

"Usiniambie zaidi, ndugu yangu," akasema. "Mimi pia ninaye mmoja."

Akasimama katikati yetu kwa moyo wote, kama mtu anayetenganisha ugomvi. Mimi kwa adabu nikasogea tena. Nafasi ikazaliwa upya, akaingia mwingine. Nikasogea. Akaingia wa tatu. Kila nilipomheshimu mama mkwe, nilimpa Mzungu mmoja mahali pa kuvulia, mpaka kikaja kipindi simwoni kabisa, nasikia sauti yake tu ikitokea upande wa juu wa kijito.

Na sauti ilikuwa inasikika. Mtu wa pili kutoka kwake alikuwa amepata samaki mzuri, wa fedha, mrefu kama mkono. Akampiga picha. Akambusu. Kisha akamrudisha majini taratibu, kama mtoto anayelazwa.

"Amufanya nini?" mama mkwe akapiga kelele. "Mukwe! Umeona? Amubusu, halafu amurudisha! Sasa huku banakuya kufanya nini? Kusalimia?"

Nikamjibu kutoka mbali, nikiangalia miti, kwamba huku wengi wanavua kwa kujifurahisha.

"Kumuchoma samaki mu kinywa njo kujifurahisha? Bon. Bamulete kwangu nimufurahishe."

Akaanza kutembea na beseni lake. Kila mtu aliyetaka kuachia samaki alimkuta mwanamke wa makamo mbele yake ameinua beseni kwa mikono miwili. Hawakuelewa. Mmoja alitia ndani chupa tupu ya soda, akasema asante. Nilitamani ardhi inimeze, lakini pale hata ardhi ilikuwa imejaa watu.

Alirudi kwenye fimbo yake amekasirika. Hakurusha mshipi kama wengine. Aliudondosha tu karibu na miguu yake, pembeni mwa jiwe, kama mtu anayetupa maji ya kuoshea vyombo, na samaki akashika.

Nikasikia makelele yote kwa pamoja. Wazungu walimwambia amwachie samaki akimbie, achoke kwanza. Kwa bahati hakujua Kiingereza. Yeye alimvuta anavyovutwa mbuzi anayegoma, akirudi kinyumenyume, na ukingo ule una utelezi. Mguu ukateleza, samaki akamburuta mbele. Mama mkwe akaketi katikati ya kijito, maji yakimfika kifuani, kitenge kimeelea kote kumzunguka, na fimbo bado iko mkononi.

Hakuna aliyemgusa. Si kwamba hawakujali. Watu wote wale walinigeukia mimi, na yule mwenye ndevu akarudi nyuma akanifungulia njia, kwa sababu si nilikuwa nimewaeleza kwamba ni wangu?

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Hawakusema uyaoge na mama mkwe. Nilisimama nikimwangalia, na kwa kitambo kidogo, naona aibu kusema, nilitafuta kwa macho mwanamke yeyote wa kumwinua. Kisha nikaona midomo yake inatetemeka. Alikuwa mzee. Sikuwahi kumwangalia muda wa kutosha kujua kwamba alikuwa mzee kiasi kile. Nikaingia.

"Samaki kwanza!" akanipigia kelele. "Mukwe, samaki kwanza!"

Nikampitishia mikono chini ya makwapa, nikamkumbatia kiunoni, nikamwinua. Alikuwa mwepesi kuliko maboksi ya kazini. Mwenye ndevu akamdaka samaki kwa wavu wake, akaangua kicheko, akatuambia tusimame hivyo hivyo, akapiga picha kwa simu yangu. Ninayo mpaka leo. Mama mkwe amemshika samaki matamvuani, mimi nimemshika mama mkwe, na macho yangu yako mbinguni kama shahidi anayechomwa moto.

Kwenye gari langu joto hutoka mbele tu. Kwa hiyo ilibidi akae mbele, amejifunika koti langu, samaki kwenye beseni miguuni. Nilikuwa nimekazia macho usukani. Tulikuwa hatujaondoka bado.

"Mukwe," akasema. "Nikuulize kitu."

"Niulize, mama."

"Miye nilikukosea nini?"

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikamwambia hajanikosea chochote.

"Nikiingia, unatoka. Nikikaa, unasimama. Unakulaka mu gari sawa mutu mwenye bamefukuza kwake. Mutoto wangu anakulaka na miye, macho yake iko ku dirisha, anakuangalia wewe kule inje. Miye nikasema, bon, huyu mwanaume ni muzuri, anashindwa tu kunifukuza. Nirudi Louisville, na yeye arudi mu nyumba yake."

Muda wote ule nilikuwa najisifu moyoni kwamba hakuna mkwe Buffalo nzima mwenye adabu kama yangu.

"Mama, ile ni heshima," nikasema.

"Heshima naijua. Kwetu pia iko. Lakini kule nilikuwa na nyumba yangu. Ulikuwa unanikimbia, donc unaenda kwenu, na miye nabakia kwangu. Huku niko na kitanda tu. Ukinikimbia huku, naona ni miye nakufukuza."

Kuna msemo kwamba heshima si utumwa. Nimeusema mara nyingi, hasa kwa vijana. Sikujua kwamba unaweza pia kumheshimu mtu mpaka akafunga mizigo.

Nikageuka nikamtazama usoni. Ana kovu dogo juu ya jicho la kushoto, na macho ya mke wangu kabisa, yale yale. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi kuhusu binti yake, jinsi anavyolia bafuni, jinsi alivyoomba miaka yote. Yaliyotoka ni machache.

"Mama, usiende. Mimi ndiye ninayekuomba. Mimi mwenyewe."

Alitazama kijito kupitia kioo, ile mistari ya watu waliokuwa bado wanambusu samaki na kumuaga, akafuta pua kwa mkono wa koti langu. Kisha akatoa simu iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki kifuani, akaipangusa, akampigia mwanawe wa Louisville. Mimi nikawasha gari, nikaingia barabarani, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

"Eeh, ni miye," akasema. "Usikuye kesho. Apana, hakuna mwenye amekufa. Apana, siko mugonjwa, nimelowa tu. Nabakia huku. Huku, kwa dada yako." Akasikiliza. "Mukwe? Iko hapa, anaendesha. Haiwezi kuongea. Analia, donc acha nikate, nimuangalilie barabara."