Rimoti Mbili, Ndege Moja

Mtaani walimwita Rubani, na aliyeanzisha jina hilo hakuwa na nia njema. Kazi yake halisi ilikuwa kutengeneza meno ya bandia, katika chumba cha nyuma cha zahanati moja chenye dirisha dogo, vumbi la plasta na rafu zilizojaa vinywa vya watu. Ndiyo, vinywa: fizi na mapengo ya wateja, yaliyomiminwa kwa plasta nyeupe na kupangwa yakauke. Kila kinywa kilibandikwa jina la mwenyewe, lakini Fundi Meno, sisi tumwite hivyo, hakujisumbua kusoma majina. Alivibatiza kwa ubaya wake. Kimoja alikiita Pango, kingine Kitafuna Misumari. Kazi aliijua, hilo hatumnyimi. Alichokosa ni uwezo wa kutazama kitu cha mtu mwingine bila kubeua mdomo.

Aliwadharau wagonjwa kwa kuacha meno yao yaoze, akamdharau daktari kwa kuchukua vipimo ovyo ovyo, akamdharau hata mlinzi wa getini kwa kumsalimia kila mtu kwa uchangamfu ule ule, kana kwamba watu wote ni sawa. Aliwahi kuoa. Mke alivumilia kusahihishwa namna ya kukunja taulo, namna ya kufunga mlango na namna ya kucheka, kisha akarudi kwao. Fundi Meno akarudi kuishi na baba yake, na kwa watu akasema anamtunza mzee.

Mzee mwenyewe alikuwa dereva mstaafu wa malori, na kwake binadamu walikuwa wa aina mbili tu: wenye mkono wa usukani na wasio nao. Mzee alimweka mwanawe katika aina ya pili tangu mwana huyo akiwa kijana, siku alipompa lori alisogeze uani, naye akalisogeza pamoja na nguzo ya geti. Mzee hakugomba. Alishuka, akaitazama nguzo, akapanda upande wa dereva, na habari za usukani zikaisha hapo. Kijana akakua, akapata kazi, akaoa, akaachwa, akaota mvi, na lile jambo likabaki limemkaa kooni.

Hiyo ndiyo siri ya ndege yake ndogo ya kurushwa kwa rimoti. Ungemuuliza yeye angekueleza habari za upepo na uzito na nguvu za mota mpaka ujute kuuliza. Porojo. Alitaka jambo moja tu hapa duniani, nalo ni kwamba baba yake amwone akiendesha kitu, na kitu hicho kiende anakotaka yeye.

Aliijengea kwenye meza ya chakula, na tangu siku hiyo mzee akawa anakula sahani ikiwa mapajani. Ilikuwa ndege ya povu gumu, jamaa wa lile linalofungiwa televisheni mpya, na kila alipokata alikata kwa wembe mpya, maana wembe butu hulichana povu badala ya kulikata. Gundi ya dukani hakuitaka. Gundi ile hula povu kama asidi, na alishawahi kumwona mtu akigundisha bawa na kubaki na tundu. Alimcheka mtu huyo mwaka mzima. Alipitisha fito nyembamba za kaboni ndani ya mbawa zisipinde, akafunga vimota vidogo vya kugeuza mkia na kingo za nyuma za mbawa, na puani akaweka mota yenye nguvu kuliko uzito wa ndege yenyewe, ili ikitakiwa isimame wima hewani ikining'inia kwenye pangaboi lake la puani. Mgongo aliupaka rangi nyekundu tupu, tumbo akalichora mistari mipana myeusi, kwani ndege ikiwa mbali inageukageuka, anayeirusha lazima ajue anatazama mgongo au tumbo. Mwisho aliinyanyua kwa ncha za vidole viwili, kimoja chini ya kila bawa, akaisukuma betri mbele kidogo, kidogo tena, mpaka ikatulia sawasawa bila kuinama upande wowote.

Basi kila Jumapili akawa anakwenda peke yake kwenye uwanja wa mpira wa shule. Aliirusha vizuri mno. Aliipindua, akaibiringisha, akaipitisha ubavu ubavu juu ya goli, na hapakuwa na wa kumtazama. Wapo wengine waliorusha pale mwanzoni, lakini mmoja aliambiwa ndege yake inafanana na kandambili, mwingine akaambiwa kidude cha kusawazisha alichofunga ndani ni gongo la kilema, na hawakurudi. Yeye akaona uwanja umesafishika.

Sasa aje shemeji yake. Huyu alimwoa mdogo wake Fundi Meno, alikuwa na duka la vigae, na kila alipoingia mahali sauti yake ilitangulia na tumbo likafuata. Mtu wa kupiga domo, wa kushika watu mabega, wa kusimulia kisa kimoja mara nyingi na kila mara kukitia chumvi upya. Mzee alimpenda kufa. Shemeji akifika sebuleni, mzee alicheka mpaka meno yakamtoka nje, na meno hayo, kwa taarifa, alitengenezewa na mwanawe, bure, na hakuwa ameyasifu hata siku moja zaidi ya kusema yanambana upande wa kushoto.

Shemeji aliiona ndege mezani, naye akaitamani papo hapo kama mtoto. Akanunua yake, iliyokwisha kutengenezwa, ikaja kwenye boksi. Siku ya kwanza ilipaa vizuri, ikageuka, ikaanza kumjia usoni. Hapo ndipo wanagenzi wote huumbuka, maana ndege ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako. Shemeji akavuta huku, ndege ikaenda kule, akazidi kuvuta huku, mpaka ikavunjikia kwenye paa la choo cha shule. Alicheka mpaka akakaa chini. Mtu kujicheka namna ile hadharani lilikuwa jambo lililomtia Fundi Meno kichefuchefu.

Akaomba afundishwe, na Fundi Meno akakubali, kwa sababu kumwona mwenzake akishindwa kila wiki ilikuwa burudani ambayo hakuwa nayo. Walitumia ndege ya Fundi Meno na rimoti mbili zilizounganishwa kwa waya, moja ya mwalimu na moja ya mwanafunzi. Mpango wake ni mwepesi. Mwalimu akiibana swichi fulani, ndege inamtii mwanafunzi. Akiiachia, inarudi kwake mara moja, na mwanafunzi aweza kupekecha rimoti yake mpaka kesho, ndege haina habari naye. Wiki nenda wiki rudi, Fundi Meno alibana, ndege ikayumba kama mlevi, shemeji akaita, "Shika, shika," na Fundi Meno akaachia swichi na kusonya. Hakuona maendeleo yoyote, na moyoni alishukuru.

Kisha siku moja akiwa jikoni anasuuza kikombe alimsikia shemeji sebuleni akimwambia mzee kwamba siku hizi anarusha ndege, na Jumapili angempitia kwa gari aende akaone. Fundi Meno akangoja jibu la mzee alilolijua, kwamba yeye si mtoto wa kwenda kutazama vitu vya watoto. Mzee akasema sawa, atavaa kofia. Kikombe kilibaki mkononi kwa Fundi Meno na maji yakiendelea kumwagika.

Baadaye shemeji alimfuata uani, sauti ameishusha.

"Shemeji, mimi na wewe tunajua ninavyorusha. Mdomo umeniponza. Nishikie pale nitakapokosea, nisiaibike mbele ya mzee."

Fundi Meno akasema bila shaka, tena haraka sana. Mtu mwenye akili angeshtuka. Shemeji akamshika bega na kumshukuru, na Fundi Meno akakaa na bega lake lile lililoshikwa, akipanga. Angeirusha yeye mwanzo, juu, vizuri, mpaka mzee anogewe. Halafu ndege ikiwa imesimama wima kwenye pangaboi lake, mahali ambapo hata fundi hutokwa jasho, angeibana swichi na kumwachia mwenye domo ndege yake. Ingekufa ndege, ndiyo. Aliona ni halali yake. Angejenga nyingine, lakini mzee angekuwa ameona kwa macho yake nani hana mkono wa usukani.

Jumapili ikafika. Mzee alishushwa kwenye gari kwa adabu zote, akawekewa kiti, mto wa kukalia na chupa ya maji. Akauliza waya ule wa nini, shemeji akamjibu, naye kusema kweli hakudanganya sana, kwamba ni wa tahadhari tu, likitokea la kutokea shemeji yake anaokoa. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akakaa akitazama mbele, na Fundi Meno akasimama nyuma yao wote wawili, mahali pa mwalimu, mahali ambapo hakuna anayekutazama.

Ndege ikapaa. Mizunguko miwili ya kawaida, ya kuamkia, kisha Fundi Meno akaipandisha juu na kuipindua nyuma, duara safi, ikatokea pale pale ilipoanzia. Akaibiringisha taratibu, mgongo mwekundu, tumbo la mistari, mgongo, tumbo. Shemeji alikuwa akihangaika na vidole gumba vyake kana kwamba anakamua chunusi, akijua fika kwamba havifanyi kitu. Fundi Meno akamtazama kisogo na kukidharau kisogo chenyewe. Akaileta ndege chini mbele ya goli, akainyanyua pua, akapunguza nguvu, ikasimama wima hewani, inatetemeka kidogo, mkia karibu kugusa nyasi. Saa yake imefika. Akaweka kidole juu ya swichi.

Mzee akainuka kitini. Hakuna aliyemsaidia, na magoti yale yalikuwa magoti ya kusaidiwa. Alisimama mdomo wazi akiitazama ndege, akapiga hatua moja kuiendea.

Fundi Meno hakuibana swichi. Hapo mtu angependa kusema alimhurumia shemeji, lakini hakumhurumia hata chembe. Alikuwa hajawahi kutazamwa hivyo, basi. Alisahau hata kwamba anayetazamwa siye yeye. Aliishikilia ndege pale mpaka mikono ikamfa ganzi, akaizungusha juu ya mkia wake, akaipandisha, akaishusha, akaitua kwenye nyasi bila kurukaruka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alifanya jambo zuri bila kutafuta wa kumcheka.

Mzee akamwendea shemeji, akaushika mkono wake kwa mikono miwili. Akaugeuza, akautazama kiganja na mgongo.

"Huu ndio mkono," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Kutengeneza hata seremala anatengeneza. Umeona mwenzio anavyoendesha?"

"Baba, aliyekuwa anaendesha ni mimi," Fundi Meno akasema. "Huyu hajaigusa hata kidogo. Muulize."

Na shemeji, tumpe haki yake, hakujiumauma. Alikuwa amelowa jasho mpaka mkanda wa suruali. Akasema ni kweli, mzee, ni yeye, mimi nilikuwa nimeshika rimoti tu.

Mzee akacheka kwa mapenzi. Akasema amesikia madereva wengi wakijisifu kwa safari ambazo hawakuendesha, lakini anayeikana safari yake mwenyewe ili kumstahi shemejiye, huyo hajamwona, na binti yake ameolewa na muungwana. Kicheko kikaisha alipomtazama mwanawe.

"Wewe hujawahi kumsifu mtu tangu nikuzae. Leo kapata sifa mwenzio, unataka na hiyo uichukue."

"Niruhusu niuchomoe waya nirushe peke yangu, uone."

"Nirudisheni kwenye gari kwanza, ndipo urushe. Nilikuuliza siku ile pale mezani, inapaaje, ukaniambia sitaelewa. Sikukuuliza tena. Huyu amekuja kunichukua."

Fundi Meno siku ile aliikumbuka vizuri. Alikuwa akigundisha mkia, na hakuinua hata macho.

Mzee akaketi, akauvuta mto ukae sawa, akamwomba mkwe wake arushe tena, ile ya kusimama, kama haichoshi. Shemeji akageuka nyuma. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeomba radhi na kuomba msaada kwa pamoja, uso wa kijinga, na Fundi Meno kwa mazoea akatafuta neno la kuudharau. Halikuja. Akaenda akabadilisha betri, akarudi mahali pake.

Ndege ikapaa, ikazunguka, ikaja ikasimama hewani mbele ya mzee, karibu kuliko mara ya kwanza, mistari ya tumboni ikimwelekea. Swichi ilikuwa chini ya kidole. Kuibana mara moja tu, ndege ingeanguka mbele ya macho ya mzee, na hapo hapangekuwa na ubishi ni nani alikuwa akirusha. Mzee naye angeacha kutazama juu.

"Shikilia hapo hapo, mwanangu," mzee akasema polepole, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa shemeji.

Fundi Meno akashikilia.