Mkanda Uliofungwa Ndani ya Kanga

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia kabla hujanisikiliza hadi mwisho. Nilimhukumu mdogo wangu kwa kosa ambalo sikuliona, na hukumu yenyewe niliitekeleza kwa kidole kimoja.

Tulibaki wawili, mimi na Mwanaidi. Baba alitangulia, Mama akafuata nikiwa kidato cha pili, Mwanaidi darasa la kwanza. Niliacha shule wiki ile ile. Nimebeba mizigo, nimeuza maji, mpaka fundi mmoja wa redio na televisheni pale Tandika akanichukua. Mdogo wangu hajawahi kulala na njaa. Hilo najivunia, na labda ndilo lililoniharibu, maana nilipozoea kuwa baba na mama nilianza kudhani nina haki ya kupekua kila kitu.

Sinywi, sivuti. Starehe yangu ilikuwa katuni za Kijapani. Televisheni zilipoanza kuingia mitaani kwetu nilijiundia ya kwangu kutoka kwenye mbili mbovu, nikapata na deki iliyokataliwa na mwenyewe, nikaanza kukusanya mikanda ya video iliyoletwa na mabaharia. Kijapani sikujua hata neno moja. Nilichotaka ni picha safi. Kopi ya kopi yenye chenga sikuigusa. Nilitaka orijino, au kopi ya kwanza niliyorekodi mwenyewe, hedi za deki nimezisafisha kwa spiriti, mpaka uone mvua ikianguka juu ya paa tone kwa tone. Nilikuwa na mikanda arobaini na mmoja, kila mmoja na namba yake, yote imefunikwa kitambaa alichokidarizi Mwanaidi.

Siku moja nilirudi nyumbani kutoka kazini, nikaweka mkono juu ya deki. Ilikuwa ya moto.

"Umewasha deki?"

"Nilikuwa natazama katuni zako, Kaka."

"Ipi?"

"Ile ya roboti."

"Ya roboti nimemwazima Chande tangu juzi."

Akainamia ungo, akaendelea kuchambua mchele.

Kuanzia hapo sikuwa na amani. Kila asubuhi kabla ya kutoka nilisoma kaunta ya deki, vile vinamba vinavyozunguka kadiri mkanda unavyokwenda, nikaiandika kwenye karatasi na kuitia mfukoni. Jioni nalinganisha. Kila jioni ilikuwa imesogea. Nikaona pia kwamba pazia la dirishani limetobolewa matundu madogo ya pini, maana yake kuna mtu analibana lisifunguke. Nikamsikia akiimba jikoni wimbo nisioujua, na nikiingia ananyamaza. Hata kanga alianza kuifunga namna nyingine, ncha moja ikipita begani. Nikajiuliza, nani anamfundisha haya?

Nikamweleza Chande, fundi mwenzangu. Alikuwa ameshika kisu cha risasi cha kuunganishia nyaya, akacheka mpaka akakiweka chini.

"Braza, mtoto wa kike anajifungia mchana kutazama mkanda, we unadhani ni wa mawaidha?"

"Mwanaidi si wa hivyo."

"Mie sijasema kitu. Mie nauliza tu. Dada zetu wote huwaga si wa hivyo, mpaka siku unayokuta."

Maneno yale nilirudi nayo nyumbani, nikakaa nayo mezani, nikala nayo.

Sasa nifike kwenye lile ambalo mpaka leo sijamwambia mtu. Jumapili moja niliazimwa filamu ya katuni, orijino, picha safi kama kioo, na mwenyewe aliitaka jioni ile ile. Deki ya pili nilikuwa nimeibeba kutoka kazini ili ninakili. Mkanda mtupu sikuwa nao. Mwanaidi alikuwa amekwenda kupima nguo ya mteja, na mimi nikaanza kupekua vitu vyake. Nilijiambia natafuta ukweli. Nilikuwa natafuta mkanda.

Niliukuta chini ya kasha la cherehani, umefungwa ndani ya kanga kuukuu. Hauna jina wala namba. Kile kiplastiki cha pembeni kilikuwa kimevunjwa, kama tunavyofanya mkanda usiweze kurekodiwa tena juu yake. Nikautia kwenye deki. Niliona mgongo wa mwanamke, wazi mpaka kiunoni, mkono ukiupaka kitu cha manjano, na wanawake wengine wanacheka. Sekunde nne, labda tano. Nikazima. Uso ulinichoma kwa aibu, na chini ya aibu, Mungu anisamehe, nilifurahi. Chande alisema kweli. Na mkanda nimepata.

Nikaziba tundu la pembeni kwa karatasi na selotepu. Nikabonyeza kitufe chekundu. Nikakaa kutazama katuni yangu, dakika tisini na kidogo, na picha ilitoka safi ajabu.

Mwanaidi alirudi, akaona kanga yake iko kitandani, imekunjuliwa.

"Kaka, mkanda uko wapi?"

"Uchafu wako nimeufuta."

"Wote?"

"Ulitaka nikubakishie?"

Hakulia. Alikaa sakafuni akiwa bado na buibui, akanitazama kama anayetafuta jina langu. Kisha akainuka, akatoka. Aliporudi alikuwa na Bi Thureya, mwenye duka la pembeni, mama wa Kiarabu aliyetufahamu tangu tunazaliwa.

"Shikamoo, Bi Thureya."

Hakuitikia. Mama yule hajawahi kukosa kuniitikia.

"Umefuta mkanda wangu?"

"Wako?"

"Singo ya binti yangu Salha. Siku ile tunamsugua mwari kabla ya kumtoa. Kamera aliileta ndugu yangu kutoka Maskati, nikaishika mimi mwenyewe, hakuna mwanamume aliyeingia. Unajua aliyemsinga mwari ni nani? Unajua aliyekuwa anaimba?"

Nilijua kabla hajasema. Mkono ule wa manjano.

"Mama yenu," akasema. "Mwaka mmoja kabla hajafa. Mtoto huyu hakumbuki hata mamaye alivyokuwa anatembea. Nikamhurumia, nikampa, nikamwapisha asikwambie wewe. Mule mna wake za watu, vichwa wazi, wanacheza. Wewe ni mwanamume. Alikaa na kiapo changu, wewe ukamwona mchafu."

"Ungeniambia tu kwamba Mama yumo," nikamwambia Mwanaidi.

"Ungetaka kuona," akajibu. "Na mie niliapa."

Kopi nyingine haikuwapo. Picha ya Mama tuliyonayo ni ile ndogo ya kitambulisho, amekunja uso kwa jua. Mule ndani alikuwa anaimba, anacheka, kanga imepita begani. Mwanaidi alikuwa anajifunza mama yake kila mchana, na mimi nikiandika namba.

Mkanda ule ni wa saa mbili. Katuni yangu ilikwisha kabla yake, na baada yake zimebaki dakika za mwisho za singo. Mwanaidi anasema Mama haonekani, kamera inaangalia wanawake wanaokula. Ila sauti yake imo. Mimi siruhusiwi kutazama, na sijaomba. Mara moja tu aliniambia nikae nje kibarazani, akafunga mlango, akabana pazia kwa pini, akaongeza sauti.

Nilisikia sahani na vicheko. Kisha nikamsikia Mama, karibu kabisa, kama amesimama nyuma ya mlango ule: "Jamani, mpelekeeni mwanangu sahani yake hapo nje. Ananisubiri tangu mchana."

Naikumbuka sahani ile. Siku ile ya singo nilikuwa nimetumwa kwenda kumbebea vyombo vyake, na nilinuna kwa kucheleweshwa. Nilikula pilau yote bila kuuliza nani kanikumbuka.

Tunaishi pamoja bado. Ananipikia, ananifulia, ananiamkia. Lakini mkanda ule sasa uko kwake Bi Thureya, na Mwanaidi anapokwenda kuutazama huko hurudi na kijikaratasi mkononi. Nilikiokota siku moja. Ni namba ya kaunta, ajue kama kuna mtu kaugusa. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Wewe unayelea wadogo zako, na unaona kwa kuwa umewalisha basi hawapaswi kuwa na mlango wa kufunga, nisikilize. Kabla hujapekua, uliza. Kabla hujafuta, uliza tena, na umuulize mwenyewe, si rafiki yako wa kazini. Na ukiambiwa kitu fulani si cha macho yako, kaa hapo nje, subiri. Huenda ndani wanakupakulia.