Rais Aliyekonda

Edinah Achola alianza kazi ya kuangalia picha akiwa na miaka arobaini na tisa, baada ya shule ya chekechea aliyokuwa akifundisha pale Kaptembwo kufungwa. Binti yake Natalie ndiye aliyemtafutia. Ofisi ilikuwa Nakuru mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa za mifugo: kompyuta kumi na mbili na madirisha yasiyofunguka. Hifadhi moja ya nyaraka ya ng'ambo ilitaka picha zake za zamani ziandikiwe maelezo, ili kipofu akisomewa na mashine ajue kuna nini pichani. Edinah aliangukia fungu la rais wa Marekani wa wakati wa Vita Kuu ya Pili, pamoja na mawaziri wake.

Sura zile alizizoea upesi, kama alivyokuwa akizoea watoto wapya darasani. Kulikuwa na waziri wa vita, mzee wa masharubu aliyekaa wima kama yuko kanisani. Kulikuwa na waziri wa kazi, mwanamke peke yake katikati ya suti nyeusi, kofia kichwani. Rais mwenyewe alikuwa ameketi karibu kila picha, kwa maana miguu yake ilikuwa imepooza. Edinah aliandika nani yuko kushoto, nani yuko kulia, nani anacheka, kisha akampelekea Wachuka, msichana wa Kiamunyi aliyekuwa msimamizi wao.

Nyumbani alikuwa na mgonjwa. Mumewe Okeyo, fundi wa mashine katika kiwanda cha blanketi, alikuwa ameanza kukwamwa na chakula kooni tangu Krismasi. Mwezi wa pili daktari alimwita Edinah na Joash, mdogo wake Okeyo, akawaambia pale kwenye korido kwamba ni saratani ya umio na imeshaenda mbali.

"Shemeji, tukimwambia tutamuua kabla ya siku zake," Joash alisema.

Basi wakakubaliana kumwambia ni vidonda vya tumbo. Watu wa kanisa walipokuja kumwona walimsifu kwamba ameanza kupata nafuu. Okeyo aliwashukuru, akaendelea kumeza uji wake kijiko kimoja kimoja.

Jumanne moja ya mwezi wa tano, picha zikafika mwaka wa mwisho wa vita. Edinah alifungua ya kwanza, akaisogelea skrini. Rais alikuwa yule yule, lakini kola ya shati ilikuwa imeiachia shingo, hata vidole viwili vingepita. Macho yalikuwa yamezama. Waliomzunguka walitazama kamera, wengine wakitabasamu.

Aliandika: "Rais ameketi katikati. Anaumwa. Shati limekuwa kubwa kwake. Walio karibu naye wanatabasamu."

Haikupita nusu saa, Wachuka akaja na kuegemea meza yake.

"Mathe, hiyo ya 'anaumwa' nimeirudisha. Tunaandika tu kile kinaonekana."

"Kinaonekana, Wachuka."

"Labda amechoka tu. Wewe si daktari."

"Mimi nalisha mtu kama huyu kila asubuhi."

Wachuka akavuta kiti. "Pole, mathe. Lakini wenye kazi watakataa."

"Alikufa lini?"

Msichana akatafuta kwa simu. "Mwaka huo huo. Mwezi wa nne."

Edinah akafuta sentensi tatu, akaacha ile ya kwanza. Kisha akaomba ruhusa, akashuka ngazi.

Nyumbani alimkuta Okeyo nje ya mlango, ameketi juani, anatoboa mshipi wake kwa msumari na nyundo. Lilikuwa tundu la nne.

"Baba Natalie, si vidonda."

Okeyo aligonga msumari mara nyingine. "Ni nini?"

"Ni saratani. Daktari alisema hakuna kitu watafanya."

"Alisema lini?"

"Mwezi wa pili."

Akaweka nyundo chini. "Miezi mitatu mmenifanya mtoto. Na unajua sina nyumba kwetu."

Edinah alikuwa amejitayarisha kwa machozi, si kwa hilo. Kiwanja cha Okeyo kule kwao Yala kilikuwa kitupu. Kila mwaka walisema watajenga mwaka ujao. Mwanamume wa kwao akifa bila nyumba yake, jeneza hutuliwa uani kwa ndugu, kama la mgeni.

Siku mbili hakumsemesha mkewe. Uji aliupokea mikononi mwa Natalie tu. Siku ya tatu akampigia Joash simu, akamgombeza kwa kile kisauti kilichokuwa kimebaki. Mwishowe akasema, "Anza kujenga. Mabati tu. Nataka niingie kwa miguu yangu."

Joash alijenga kwa siku tisa. Wakasafiri kwa pikapu ya jirani, Okeyo amelazwa nyuma juu ya godoro, chini ya turubai. Alipofika alikataa kubebwa. Akamshika Edinah bega, akavuka kizingiti, akakaa kitandani akihema mpaka jioni.

Aliishi humo siku kumi na sita. Siku moja, Edinah akimgeuza ubavu, alisema bila hasira, "Ungeniambia mwezi wa pili, matofali ningefyatua mwenyewe." Edinah akamwekea mto mgongoni. Okeyo alikufa asubuhi ya mvua, maji ya kumwogesha yakiwa bado motoni.

Edinah aliporudi Nakuru alikuta kiti chake kimepewa mtu mwingine. Wachuka alimwambia hapo hapo kwenye ngazi, huku akilia. Siku hizi Edinah anafundisha watoto wa majirani kusoma, sebuleni kwake. Wakati mwingine mtu humsifu kwamba angalau alimwambia mumewe ukweli. Edinah humkatiza. "Nilichelewa," husema, na kuwarudia watoto.