Mtamba kwa Hisa za Mama

Mama yangu ni mwalimu mstaafu hapa Kiegei. Zamani, benki moja ilipowauzia wananchi hisa kwa mara ya kwanza, alinunua chache akaziacha. Mwaka jana paa lilipoanza kuvuja, akaamua kuuza nusu. Habari zikamfikia jirani yetu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Kanda ya Ziwa. Akaja asubuhi, akakaa mkekani.

"Mama, niuzie mimi. Nakupa mtamba mmoja."

Mama akavutiwa. Mimi nikasita, nikampigia dada mmoja, dalali wa hisa aliyeko Dar es Salaam, nikaweka sauti ya juu tusikie wote. Dada yule akaeleza kwa utulivu. Kampuni isiyoorodheshwa kwenye soko la hisa, watu huuziana hisa zake kwa kuelewana wenyewe, na bei wanaijua wao. Za mama zimeorodheshwa. Muuzaji anampa dalali bei yake, mnunuzi naye yake, mtambo unazikutanisha, na bei iliyopatikana inaonekana kwa kila mtu.

"Kama mnada wa korosho," mama akasema.

"Karibu hivyo, mama. Ila huku hatusubiri msimu."

"Sasa ng'ombe anaingilia wapi?" jirani akauliza.

Hakuwa na pa kuingilia. Mama akauliza bei ya siku ile, akapiga hesabu kwa kidole juu ya mkeka. Mtamba hakufika hata nusu ya thamani ya hisa zake.

"Ulitaka kunipunja, baba."

"Sikujua, mama. Na wewe hukujua."

Wakacheka mpaka mama akafuta machozi kwa kanga.

Wiki hiyo jirani aliuza madume wawili mnadani, akafungua akaunti kwa dalali yuleyule. Mama alimtajia dalali bei iliyo juu kidogo ya ile ya soko. Kila asubuhi nilimsomea bei kwenye simu, nikamshauri ashuke.

"Sishuki," alinijibu, akaendelea kupepeta ufuta.

Siku ya kumi ujumbe ukaingia: zimeuzwa zote alizoweka sokoni. Alasiri jirani akaja mbio na simu yake. Naye alikuwa amenunua.

"Hizo ni zangu," mama akasema.

Dalali alisema wanunuzi ni wengi, hawezi kumwambia zimekwenda kwa nani. Mama hakusadiki. Benki ilipotoa gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, jirani alileta lita mbili za maziwa.

"Ya shukrani, mama. Hisa zako zimezaa."

Mama akayapokea bila ubishi, akanituma nikayachemshe.