Kengele Mbili za Verlin Hostetler

Verlin Hostetler aliendesha treni ya umeme ya behewa moja kati ya Marlow na Fairbend, jimboni Indiana, kwa miaka kumi na minane, nami nikiwa kondakta wake. Mwaka 1941, abiria walipokwisha kuhamia kwenye magari yao, kampuni ilizima umeme na kuuza nyaya. Behewa letu, namba 64, likawa banda la kuku. Verlin aliondoka na mpini wa shaba wa kuongozea mwendo, ambao kila dereva aliuchomoa akimaliza zamu na kutembea nao. Akawa muuza mbegu za mahindi. Aliung'arisha kila Jumapili. Mkewe alikuwa akimtania kwamba atazikwa nao.

Miaka arobaini na sita baadaye, fundi Darlene Pruitt na wenzake walilikwangua behewa lile kinyesi cha kuku, wakaliunda upya, wakalitandikia reli ya nusu maili na waya wa umeme juu yake. Madiwani walialikwa. Jioni hiyo wangepiga kura: tuta la njia ya zamani ya treni lirudishiwe reli, au liwe barabara. Behewa lisipotembea, habari ya reli ingekwisha papo hapo.

Verlin, sasa mwenye umri wa miaka themanini na mitatu, aliuchomeka mpini mahali pake. Taa zikawaka. Kisha akakaa kimya, macho mbele. Darlene akamweleza kwa upole kwamba umeme upo na breki zimeachia. Mpini haukusogea. Diwani mmoja akanong'ona kwamba mzee amesinzia. Mwingine, mnene, akatazama saa na kuelekea mlangoni.

Ndipo nilipokumbuka, nikaona haya. Nilikuwa nimeketi na wageni, ilhali kanuni yetu haikuwa na msamaha: dereva haondoi behewa mpaka kondakta avute kamba, kengele mbili.

"Emmett," Verlin alisema bila kugeuka, "miaka arobaini na sita hujaonekana kazini. Na leo unachelewa?"

"Nilikuwa natoa kuku behewani, bwana mkubwa."

Nikainuka, nikavuta kamba mara mbili.

Mngurumo ulianzia chini ya sakafu, ukapanda miguuni, ukatukaa kifuani. Mashamba ya mahindi nje ya dirisha yakaanza kurudi nyuma, taratibu, kisha kwa kasi. Darlene alikuwa analia. Diwani mnene alishika nguzo, akavua kofia, akakaa.

Jioni ile reli ilishinda kwa kura moja, ya diwani yule mnene. Lakini kabla ya kura aliniuliza safari ya Fairbend zamani ilichukua muda gani. Nikamjibu dakika arobaini na moja.

"Arobaini," alisema Verlin. "Ile moja ilikuwa ya kumngoja kondakta."